Wewe ni Nani Wake?

Ukiwasikiliza watu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na wa vijiji vya Rugaaga wakisimulia miaka ya korona, utasikia habari za mipaka iliyofungwa, posho iliyopungua na polisi waliokimbizana na boda barabarani. Saratani haimo katika masimulizi hayo, utadhani uvimbe nao ulitii amri ya kutotoka nje. Haukutii. Uliendelea kukua katika matiti, katika shingo za vizazi, katika makoo na katika tezi dume, na kila aliyekuwa nao alihitaji mtu wa kumgeuza kitandani, wa kumpikia uji na wa kubishana na askari kwenye kizuizi. Hoja yangu ni moja: anayeuguza hutambulika kwa kazi anayoifanya na kwa kutajwa na mgonjwa mwenyewe, na damu, cheti cha ndoa na karatasi ya familia ni mambo ya kuja baadaye. Serikali, hospitali na mashirika yalipanga kinyume chake, na kosa hilo liliwaumiza wengi. Lakini ukitaka kuliona kosa lenyewe lilivyo, watazame wapenzi wa jinsia moja na watu waliovuka jinsia, wanaojiita kuchu hapa Uganda, waliokuwa na mgonjwa wa saratani mikononi mwao wakati nchi imefungwa. Kwao kila mlango ulikuwa na swali ambalo jibu lake la kweli lingeweza kumpeleka mtu jela.

Tuanze na njia yenyewe ya mgonjwa. Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na kufikia 2020 ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 130,000, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Vituo vya afya vilivyomo ndani ya makazi hutibu malaria, huzalisha na hutoa dawa za virusi vya ukimwi, kwa mkimbizi na mwenyeji sawia. Uvimbe ukishukiwa, mgonjwa huandikiwa rufaa kwenda kituo cha daraja la nne cha Rugaaga, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambako hukatwa kinyama cha kupimwa na huweza kuanzishiwa dawa za kemo. Akihitaji mionzi, Mbarara si mwisho. Wakati wa korona mionzi ilipatikana Kampala tu, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyopo Mulago tangu 1967, safari ya zaidi ya kilomita 250 kutoka Mbarara. Hata huko haikuwa ya kutegemea sana: mashine ya kobalti ilipokufa mwaka 2016, nchi nzima ilikaa bila mionzi hadi mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Na katika kila hatua ya njia hii hospitali zetu humtegemea mtu wa pili bila kumlipa. Ndiye anayeteka maji kwa jerikani, anayefua mashuka, anayekwenda duka la dawa kununua glavu na sindano zilizoisha wodini, anayelinda faili lisipotee, anayemwita nesi dripu inapokwisha, na usiku hulala kwenye mkeka chini ya kitanda. Mgonjwa asiye na mtu huyo huwa amelazwa kwa jina tu.

Ikaja 2020. Tarehe 21 Machi Uganda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Ndani ya siku kumi mipaka ilifungwa kwa wasafiri, mabasi na taksi zikasimamishwa, boda zikakatazwa kubeba abiria, magari ya watu binafsi yakazuiwa, na kuanzia tarehe 31 haikuruhusiwa kutoka nje tangu saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mgonjwa aliyehitaji gari alitakiwa kuwa na kibali cha RDC, mwakilishi wa Rais wilayani. Usafiri wa umma ulipofunguliwa kwingine mwezi Juni, wilaya za mpakani ziliachwa nyuma, na Isingiro, wilaya yenye Nakivale na Rugaaga, inapakana na Tanzania. Aprili ya mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa wakimbizi kwa asilimia 30, na Februari 2021 likaushusha tena hadi asilimia 60 ya mgao kamili. Juni 2021 nchi ikafungwa mara ya pili kwa siku 42. Sasa pima hayo yote na ratiba ya kemo, ambayo mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki tatu, na ambayo mgonjwa akiikosa mara mbili tatu uvimbe hupata nafasi ya kurudi. Dawa hizohizo hushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo foleni ya watu wanaokohoa ilikuwa hatari kwake kuliko kwa jirani yake. Ilibidi mtu mwingine asafiri badala yake kwa yote yanayowezekana: kufuata kibali makao makuu ya wilaya, kupeleka majibu ya maabara, kuchukua dawa za maumivu, kusimama kwenye mstari wa chakula. Serikali ilipomfungia mgonjwa ndani, ilimfanya anayemuuguza kuwa miguu yake. Miguu hiyo nayo ilihitaji karatasi.

Karatasi ilitolewa baada ya swali: wewe ni nani wake? Askari wa kizuizini aliliuliza, karani wa wilaya aliliuliza, mlinzi wa lango la hospitali aliliuliza pale wodi zilipoanza kuruhusu mtu mmoja tu kwa kila mgonjwa. Kwa mke, mume, mama au mtoto jibu ni neno moja. Kwa mkimbizi yeyote jibu huwa gumu kidogo, kwa sababu vita vya Kivu na Burundi vilitawanya jamaa, na watu wengi wanaoishi chini ya paa moja Nakivale wana karatasi tofauti za usajili. Kwa kuchu jibu lilikuwa uongo au kimya. Wafikirie wanawake wawili waliopanga chumba kimoja Base Camp, ndani ya Nakivale, wanaochanga posho na kuni, mmoja wao ana saratani ya titi. Kwenye orodha ya mgao kila mmoja ni familia ya mtu mmoja. Langoni mwa hospitali mzima humwita mgonjwa dada, na akikutana na mtu anayewafahamu huwa binamu, na akibanwa zaidi huwa jirani tu. Kila jina huondoa kitu. Dada anaweza kuambiwa matokeo ya vipimo, binamu labda, jirani hapana. Daktari anayetaka kujua mgonjwa ametapika mara ngapi usiku, amekula nini, homa ilianza saa ngapi, anazungumza na mtu aliyelazimika kujishusha cheo, ambaye anaogopa kuonekana anajua mengi mno kuhusu mwili wa mwenzake. Habari hupungua, na habari zikipungua tiba huharibika. Uongo ule wa langoni una gharama ya kitabibu kabla hata haujawa na gharama ya kimaadili.

Hofu yao ilikuwa na sababu, na ilionekana wazi tangu wiki ya kwanza ya karantini. Tarehe 29 Machi 2020 polisi na viongozi wa mtaa walivamia nyumba moja ya hifadhi Kyengera, nje ya Kampala, iliyokuwa ikiwalea vijana wa kuchu waliofukuzwa makwao. Walikamatwa watu 23, na 20 kati yao wakashtakiwa kwa uzembe unaoweza kueneza ugonjwa na kwa kukaidi amri halali. Walikaa rumande siku kama 50, bila kuruhusiwa kuonana na mawakili kwa sehemu kubwa ya muda huo, hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta kesi mwezi Mei. Juni mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamuru kila mmoja alipwe shilingi milioni tano kwa kunyimwa wakili. Jambo la kutazama hapa ni hesabu iliyotumika. Nchi nzima iliambiwa ikae nyumbani na familia. Nyumba ya baba, mama, watoto, wajomba na wajukuu ishirini ilikuwa familia imekaa nyumbani. Nyumba ya vijana ishirini wasio na pengine pa kulala ilikuwa mkusanyiko. Virusi havijui tofauti hiyo, na sheria ya afya haikupaswa kuijua. Baada ya Kyengera, mtu wa kuchu aliyekuwa na mgonjwa Nakivale alikuwa na sababu nzuri ya kufikiri mara mbili kabla ya kukaribia kizuizi, hata awe na barua ya rufaa mfukoni.

Tuitazame sasa kazi yenyewe kwa karibu, kwa kuwa hoja hii husimama au huanguka hapo. Uganda ina jambo moja la kujivunia katika saratani, nalo ni mofini ya maji. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dakta Anne Merriman mwaka 1993 na kufungua tawi Mbarara mwaka 1998, ilifundisha kwamba mtu anaweza kufa na saratani nyumbani kwake bila kupiga mayowe, ikiwa kuna chupa ya plastiki yenye dawa, na mtu wa kuipima. Dawa hunywewa kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku hutolewa maradufu ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Mofini hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha huenda nayo, na penye uhaba wauguzi wa hospisi hufundisha kukausha na kusaga mbegu za papai. Kidonda cha titi kilichopasuka kikianza kunuka, vidonge vya metronidazo husagwa vikawa unga na kunyunyizwa juu yake, na harufu hutulia. Mgonjwa huweza tena kukaa na watu sebuleni. Mtu anayefanya haya hukosa usingizi, huzoea kutazama saa, hujifunza kutofautisha mkoromo wa kulala na mkoromo wa kuzidiwa na dawa. Hakuna hata moja kati ya mambo haya lililomo katika damu. Yote hufunzwa, na hushikwa na yule aliyepo. Na Uganda ililijua hili kabla ya wengi: mwaka 2004 ilibadili kanuni zake ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini, kazi iliyokuwa ya madaktari peke yao. Nchi iliangalia nani yuko karibu na maumivu, nani amefunzwa, ikampa ruhusa. Kanuni hiyohiyo, ikishuka ngazi moja hadi chumbani, inamtambua anayeshika chupa.

Isidhaniwe kwamba kuchu huuguza wapenzi na marafiki tu. Katika familia zetu, iwe ni Bukavu, Uvira au Isingiro, mtoto asiyeoa au asiyeolewa ndiye huitwa mama anapougua. Wenye ndoa wana nyumba zao. Yeye, wanasema, hana kitu kinachomzuia. Mara nyingi ndiye yuleyule aliyetukanwa, aliyeambiwa ameiletea nyumba aibu, hata aliyefukuzwa. Saratani ya mama humrudisha. Humwosha mama ambaye hakutaka kula naye sahani moja, na ndugu waliomkana hutuma salamu kwa simu, na senti kidogo kupitia mobile money. Karantini ilizidisha jambo hili, kwa sababu aliyekuwa tayari amehama nyumbani aliweza kufungiwa humo miezi mitatu na watu wanaomchukia, bila rafiki wa kumtembelea wala mahali pa kwenda kupumua. Hapa damu ilikuwapo, kibali kilipatikana, lango lilifunguka. Kilichokosekana ni heshima ya kazi. Mama akishafariki, kikao cha ukoo hukaa kugawa kibanja, na aliyemuuguza huwa mgeni tena. Mfano huu unatimiza hoja kutoka upande wa pili: undugu wa karatasi ulimpa mtu huyu mzigo wote wa kuuguza, ukamnyima haki zote zinazofuatana na mzigo huo. Basi undugu wa karatasi haupimi uuguzaji, si kwa kumkubali mtu wala kwa kumkataa.

Kuna pingamizi linalosemwa na watu wema kabisa: wakati wa korona kila mtu aliteseka, kwa nini kuwatenga hawa wachache na kuwaombea huruma ya pekee? Wajawazito walikufa njiani wakitembea kwa miguu kwenda kujifungua. Watoto walikosa chanjo. Wakongo wenye ndoa halali walipoteza wagonjwa wao wa saratani kama wengine wote. Ni kweli, na sitaki huruma ya pekee. Lakini tukumbuke kilichofuata baada ya kelele za wajawazito: serikali iliondoa sharti la kibali kwao, wakaruhusiwa kwenda hospitali bila kumngoja RDC. Kundi lililotajwa hadharani lilipata njia. Kuchu hawakuweza kutajwa hadharani, maana kujitaja kwao ni kujishtaki. Ndiyo sababu mfano wao una thamani kwa kila mtu: unaonyesha kwamba utaratibu unaodai mtu ajieleze kwanza ndipo ahudumiwe humwacha nyuma kila asiyeweza kujieleza, awe kuchu, awe mjane aliyeokotwa na jirani, awe kijana asiye na wazazi anayeuguzwa na mwenzake wa safari ya kutoka Kivu. Ukiurekebisha utaratibu huo kwa ajili ya yule mwenye shida kubwa zaidi ya kujieleza, wengine wote watapita mlangoni pamoja naye.

Pingamizi la pili ni la mila, dini na sheria. Husemwa kwamba hospitali ikimpokea mwenzi wa jinsia moja kama mlezi, itakuwa imebariki jambo ambalo jamii imelikataa. Sheria yenyewe ni kali: ile iliyosainiwa Mei 2023 inatoa kifungo cha maisha kwa tendo la jinsia moja, kifo kwa makosa iliyoyaita mazito, na hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kuhamasisha. Lakini wizara ya afya ya nchi hiyohiyo ilitoa waraka mwezi Juni 2023 ikikumbusha kwamba huduma hutolewa kwa watu wote bila ubaguzi, na Mkataba wa Wagonjwa wa 2009 ulikwisha kusema hivyo. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba, ingawa iliibakiza sehemu kubwa ya sheria, ilifuta vifungu vichache, kikiwamo kile kilichomlazimu mtu kutoa taarifa polisi akimshuku mwingine, kwa kuwa vilikwenda kinyume na haki kama ya afya na ya faragha. Kwa hiyo hata ndani ya sheria hii, nesi si mpelelezi. Na ninachokidai hakihitaji nesi ajue lolote kuhusu kitanda cha mtu. Kinahitaji aulize swali jingine: nani anakuuguza? Mgonjwa hutaja jina, jina huandikwa, basi. Kuhusu mila, wazee wetu walisema undugu ni kufaana, si kufanana, na waliishi hivyo: watani walizika maiti za watani wao, majirani walilea mayatima, mtu wa kabila jingine alichanjiana damu na mwenzake wakawa ndugu hadi kufa. Mila iliyojua kutengeneza ndugu kutokana na fadhila haiwezi kusingiziwa leo kwamba inajua damu tu. Na dini zinazohubiriwa Rugaaga Jumapili na Ijumaa zote zimeweka kumtazama mgonjwa katika wajibu wa mwamini; sijasikia sharti kwamba anayemtazama awe ameoa kwanza.

Pingamizi la tatu ni la watu wa utawala, nalo ni la maana zaidi kwa sababu linahusu wizi. Mgonjwa mahututi ni rahisi kudanganywa. Akitokea mtu akajiita mlezi, akachukua posho yake, akauza dawa zake, akatia sahihi upasuaji ambao familia haikuutaka, nani atawajibika? Hatari hiyo ipo. Ila tusijifanye kwamba damu ni kinga: mashemeji waliochukua kadi za mgao za wajane wanajulikana katika kila makazi ya wakimbizi. Kinga ya kweli ni mapenzi ya mgonjwa yaliyoandikwa mapema, angali na akili zake, mbele ya mhudumu wa afya na shahidi mmoja, na yanayoweza kubadilishwa siku yoyote. Sahihi kama hiyo inamlinda mgonjwa dhidi ya tapeli na vilevile dhidi ya kaka anayejitokeza siku ya mwisho kudai maiti na kibanja. Korona ilituonyesha pia ubaya wa kukosa maandishi hayo pale maziko yalipofanywa na vikosi maalumu, wachache wakiruhusiwa kusimama mbali. Aliyekuwa ameamka kila alfajiri kwa miezi sita hakuwa na cha kumwonyesha afisa ili ahesabiwe kati ya wachache hao.

Atakayesema kwamba haya ni mageni hapa amesahau miaka ya ukimwi. Mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero huko Rakai, jirani na Isingiro, watu walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa uliokuja kuitwa Slim. Wapo ndugu waliokimbia, na wapo wageni waliobaki. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, baada ya kumzika mumewe, aliungana na wenzake wakaanzisha TASO, na katika shirika hilo watu waliogusana kwa sababu ya ugonjwa mmoja tu walitembeleana, wakaogeshana, wakazikana. TASO ilifika Mbarara, na uuguzaji wa nyumbani uliosifiwa duniani kote ulijengwa na watu ambao wengi wao hawakuwa na uhusiano wa ukoo. Miaka ileile ng'ambo, San Francisco, hospitali ya jiji ilifungua wodi ya ukimwi mwaka 1983 ambamo wapenzi na marafiki wa wagonjwa walipokewa kama familia, kwa sababu familia za damu nyingi hazikuja. Uganda na Marekani zilifika penye ukweli mmoja kwa njia mbili, bila kushauriana. Na kuna uzi unaounganisha zama hizo na saratani ya leo: Kaposi, saratani ya ngozi na utando inayowapata zaidi wenye virusi vya ukimwi, bado ni miongoni mwa zinazoonekana sana Uganda. Wanaoiuguza leo wanarithi kazi iliyoanzwa na wale waliouguza Slim. Kinachoshangaza ni kwamba taasisi zilizojifunza mengi kwa ukimwi ziliyasahau zilipofunga milango kwa ajili ya korona.

Mafunzo yakishapatikana hayana budi kugeuka utaratibu, na utaratibu ninaoupendekeza ni mdogo kiasi kwamba hauhitaji bajeti. Kwanza, kila mgonjwa anayeandikiwa rufaa ya saratani kutoka vituo vya Nakivale au Rugaaga aandikiwe kwenye barua yenyewe jina la anayemuuguza, kama alivyolitaja, bila safu ya uhusiano. Barua hiyo iwe pia kibali cha njiani wakati wa karantini, kwa mgonjwa na kwa aliyetajwa, hata akisafiri peke yake kufuata dawa. Pili, wenyeviti wa wakimbizi wa vijiji, ambao barua zao zinaheshimika ofisini, waambiwe kwamba kazi yao ni kuthibitisha kuwa mtu huyu anakaa na kumhudumia mgonjwa huyu, na kazi hiyo inaishia hapo. Tatu, wanaogawa chakula wampe aliyetajwa ruhusa ya kuchukua mgao wa mgonjwa bila kulazimisha familia mbili ziunganishwe kwenye usajili, jambo linalofungua maswali mengi kuliko linayoyajibu. Tangu WFP ilipoanza mwaka 2023 kuziweka kaya katika madaraja ya uhitaji, kaya yenye mgonjwa wa saratani na mtu mmoja anayemuuguza inaweza kuonekana ina mtu mzima mwenye nguvu za kulima, kumbe nguvu hizo zote zimeishia kitandani. Nne, anayeuguza naye apimwe. Wasagaji wengi hudhani saratani ya shingo ya kizazi haiwahusu, na waliovuka jinsia huogopa chumba cha uchunguzi kuliko ugonjwa. Nesi aliyekwisha kumzoea mtu kama mlezi wa mgonjwa ana nafasi nzuri kuliko mhubiri yeyote wa afya ya kumwambia aje naye apimwe.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini niyadai haya sasa, korona ikiwa imekwisha na sheria ikiwa imezidi kubana. Ninayadai sasa kwa sababu magonjwa ya mlipuko hayatoi likizo. Septemba 2022, kabla hatujazoea kukaa bila barakoa, Ebola ilitangazwa Mubende, na mwezi uliofuata Mubende na Kassanda zikafungwa: usafiri ukasimamishwa, watu wakaambiwa wakae ndani, na wagonjwa wa saratani wa wilaya hizo wakajikuta tena mbele ya kizuizi. Litakapokuja jingine, hakutakuwa na muda wa kujadili maana ya familia; kutakuwa na askari, foleni, na saa ya dawa inayokaribia. Kinachoweza kufanywa ni kuandika majina mapema, wakati milango iko wazi na mgonjwa bado anaweza kusema. Anayemjua anayemuuguza kuliko mtu mwingine yeyote ni mgonjwa mwenyewe, na akishalitaja jina hilo, ofisi haina la kuongeza ila muhuri.